Nyumba ya Fromaji ya Nyamitaba

Nyamitaba, tarehe 7 Februari 1955

Kwako mdogo wangu Damien Semana, fundi wa mbao huko Walikale,

Nakusalimu wewe, mke wako Adelaïde na mtoto wenu. Sisi huku tuko wazima. Papa anaendelea vizuri, ila kikohozi cha asubuhi hakijamwacha, na dawa ya dispansari hataki kuinywa kwa sababu eti inanuka mzungu. Ng'ombe wake Gaju amezaa ndama jike, na tangu siku hiyo mzee amekuwa kijana, anatoka nje mara kumi kwa siku kumwangalia. Binti yangu Emérence amepata komunyo ya kwanza. Marehemu mume wangu angefurahi kumwona na ile gauni.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata nyumba.

Usiniambie kwamba mimi Yaya, dada yako mkubwa, nina nyumba tayari. Hii ni ile nyumba ya mawe na mabati ya Bwana Madevu, mzungu aliyekuwa akitengeneza fromaji, jibini ya wazungu, juu ya barabara. Alirudi Ulaya miaka miwili iliyopita na tangu hapo wanalala humo mbuzi wa kila mtu. Nimekwenda kwa mzungu wa teritwari, yule mkuu wa serikali, mara tatu. Mara ya kwanza alinicheka, mara ya pili alikuwa na homa, mara ya tatu akanipa, nadhani ili nisirudi ya nne.

Unajua Mama alivyokuwa akifuma mikeka ya ukutani, ile yenye michoro myeusi. Alipokufa tulibaki wawili tunaoijua, mimi na Thacienne jirani yetu. Kule Muheto kuna mama mkulima anaitwa Godelieve, akitoka kwenye maharagwe yake anasuka vikapu ambavyo ukivitazama unasahau ulichotaka kuweka ndani. Kila mtu anafanya kazi yake kwake, kwenye giza na moshi, na akifa anakwenda nayo. Mimi nataka nyumba moja yenye mwanga, watu wa ng'ombe na watu wa jembe wakae humo, wafundishane, watundike kazi zao ukutani, na Jumapili, siku ya Mungu, yeyote apite atazame. Mke wa mzungu aliniuliza kama itakuwa foyer, ile nyumba ya kufundishia akina mama ushonaji. Nilimwambia hapana, mama, sisi hatutashona vitambaa vya meza.

Lakini kuna sharti. Tarehe moja Septemba mzungu atakuja kutazama. Akikuta watu wa kilima kizima wanafanya kazi ndani, nyumba ni yetu. Akikuta tupu, anampa Honoré, yule mchuuzi wa ngozi, aweke ngozi zake mbichi humo.

Madirisha ni kumi na mawili na hayana hata ubao mmoja. Wewe ni fundi. Nitengenezee, na uje kuyafunga mwenyewe. Miaka sita ni mingi, Damien.

Papa anakusalimu.

Dada yako, Verdiane Kayitesi


Walikale, tarehe 12 Machi 1955

Yaya Verdiane,

Barua yako ilikuja kwenye kamyo ya chumvi, imelowa kona moja, lakini maneno yako yalifika makavu kama kawaida. Asante kwa habari za nyumbani. Sisi ni wazima. Hapa joto na misitu, mto Lowa umejaa, mbu hawana adabu. Mtoto wetu ametimiza miaka miwili. Tulimwita Makuza, kama Papa, sijui kama niliwahi kukuandikia. Kampuni imenifanya kapita, msimamizi wa mafundi wa mbao, nina watu kumi na mmoja chini yangu, na ninapiga kelele kukuzidi wewe.

Nyumba umepata nzuri. Mawe yale hayatakwisha leo wala kesho. Nisikilize lakini. Katika chumba cha nyuma kuna mfereji sakafuni, umezibwa pale unapopita chini ya ukuta. Usiujaze saruji, chumba kitakuwa ziwa mvua ya kwanza ikinyesha. Zunguka nje, upande wa mlima, utakuta jiwe bapa kubwa kuliko mengine. Linyanyue, mdomo wa mfereji uko hapo. Zile rafu za chumba kisicho na dirisha usizichome. Ni mti mgumu, zinanuka chumvi tu. Zisugue na majivu siku tatu, zitafaa kuwekea vikapu.

Madirisha nitatengeneza. Kuja siwezi, likizo hapa ni ngumu kupata.

Msalimie Papa kama ataweza kupokea.

Damien


Nyamitaba, tarehe 20 Aprili 1955

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Adelaïde, na kwa huyo Makuza mdogo ambaye hukuwahi kuniandikia jina lake, na nitakudai hilo siku tukionana. Nilipomwambia Papa kuna Makuza mwingine Walikale, aliinuka akaenda kwa ng'ombe. Alirudi baada ya muda mrefu akauliza kama mtoto anakunywa maziwa au wanampa ndizi tu kama watu wa msituni. Mvua imeharibu maharagwe kidogo, ila tunakula.

Jiwe bapa tulilikuta. Tulilinyanyua wanawake watano na maji ya miaka miwili yakakimbia kwenda bondeni. Godelieve alinitazama akasema, "Ndugu yako anaona kutoka Walikale mpaka huku?" Nami nakuuliza hilo hilo. Ulituambia kwamba kwa Bwana Madevu ulikuwa unapasua kuni. Mpasua kuni anajuaje mfereji wa chumba cha nyuma?

Tumeziba matundu ya mabati kwa lami. Ukuta tumeukwangua moshi na ukungu mpaka mawe yakatoka, kisha tukapaka udongo mweupe wa mtoni, mara mbili ndani na mara moja nje. Sasa inaonekana toka mbali kwenye barabara ya Kashuga, na madereva wanauliza ni misioni gani mpya. Nawaambia ni misioni ya akina mama wenye mikono michafu. Jioni ninakaa mlangoni peke yangu na kuitazama, na sioni haya kukwambia kwamba ninajivuna.

Waliofanya kazi karibu wote ni wanawake wa Muheto, watu wa jembe. Wanawake wetu wa ng'ombe bado hawajaja, msimu huu ndama ni wengi. Watakuja siku ya kufungua. Tutafungua tarehe 3 Julai, siku ya Mungu, na padri amekubali kuibariki.

Nangoja madirisha, na nangoja jibu.

Yaya Verdiane


Walikale, tarehe 2 Juni 1955

Yaya,

Nisamehe kukawia, tulikuwa na kazi ya daraja. Wote wazima. Makuza mdogo anakunywa maziwa ya kopo, mwambie Papa, na ndizi vilevile.

Madirisha kumi na mawili yanakuja na kamyo ya Ndagijimana, yule dereva, yamefungwa kwa majani ya migomba yasichubuke. Kila moja, isipokuwa moja tu, nimelichonga michoro ya mkeka wa Mama, ile niliyoikumbuka. Ilikuwa jioni kumi na moja, moja kwa kila mchoro, na mafundi wangu walikuwa wakija kusimama kutazama. Mmoja aliniuliza ni nani amenifundisha. Nilisema ni ukuta wa nyumbani kwetu. Kwa kazi hii sitakwambia ni ndogo au ina kasoro. Ni nzuri.

Lile la sita nimeliacha bila mchoro, sikuweza kukumbuka mwingine. Uchore wewe.

Kuhusu swali lako, mfereji ni mfereji tu. Mtu akifanya kazi mahali anaona mambo.

Damien


Nyamitaba, tarehe 6 Julai 1955

Mdogo wangu Damien,

Tunakusalimu. Wote wazima, Gaju anatoa maziwa mengi, ndama anakimbia. Habari za nyumbani zinaishia hapo, maana moyo wangu umejaa mengine.

Madirisha yalifika bila mkwaruzo. Nilipoyafungua barabarani, watu walikusanyika, na Ndagijimana, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza. Tumeyafunga yote. Papa alipita na fimbo yake, akasimama nje mbele ya kila dirisha, moja baada ya jingine, mpaka la kumi na mbili. Hakuingia. Nilidhani ni kwa ajili ya hasira yake ya siku zote juu yako. Sasa najua kwa nini hakuingia.

Jumapili tulifungua. Padri alinyunyiza maji ya baraka, Godelieve na wenzake wakaingia na vikapu, wakakaa, wakaanza kazi. Wanawake wa ng'ombe walikuja wote na mavazi ya sikukuu, wakafika kwenye ua, wakasimama. Hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti. Nikaenda kumshika Thacienne mkono. Akauvuta.

"Verdiane," akasema, "miye nakupenda sana, lakini mule siingie. Mule njo walikuwa wanachemusha maziwa na tumbo ya katoto ka ng'ombe. Nikikanyaga mule, na nirudi na miguu ile ile kwangu, ng'ombe zangu zitakauka. Nani atanipa ingine?"

"Padri amebariki," nikamwambia.

"Padri iko na ng'ombe ngapi?"

Mimi, binti wa Makuza, niliyekatazwa tangu mtoto kuweka maziwa kwenye moto, nilifikiri udongo mweupe unatosha. Nilikwangua moshi ukutani na sikujiuliza hata siku moja ulikuwa moshi wa kitu gani. Wenzetu wa Muheto hawana mwiko huo, kwa hiyo waliingia, nami nikajidanganya kwamba wengine wana kazi ya ndama.

Honoré alikuja jana na kamba, akapima upana wa mlango mbele ya macho yangu, akanisalimia kwa upole. Upole wake ndio ulioniuma. Godelieve anasema tuendelee wao na mimi, lakini nyumba ya upande mmoja siyo niliyoiomba, na mzungu alisema anataka kuona kilima kizima humo.

Kuna neno jingine, nami nitaliandika bila kuuliza. Wanawake pale uani walikuwa wakikumbushana mwaka ule ng'ombe walipokauka. Wakasema wa kwanza alikuwa Bihogo, ng'ombe wa Papa. Nikahesabu miezi. Ni mwezi ule ule ulipoondoka kwenda Walikale.

Dada yako


Walikale, tarehe 24 Julai 1955

Yaya,

Barua yako imefika leo na ninajibu leo. Salamu utajipa mwenyewe.

Sikupasua kuni. Siku ya kwanza tu. Siku ya pili Bwana Madevu aliona naweza kushika kitu bila kukivunja, akaniingiza chumba cha nyuma. Kwa miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nakoroga. Niliyaweka maziwa kwenye moto kwa mikono hii, nikatia lile tumbo la ndama lililokaushwa, nikakata, nikakamua maji yakaenda kwenye mfereji ule, nikapanga kwenye rafu zile na kupaka chumvi. Maziwa ya kilima chetu, Yaya. Watu waliyauza wakidhani wazungu wa Goma wanayanywa tu. Mimi nilijua na nilinyamaza, kwa sababu nilitaka kujifunza kutoka kwa fundi wake wa mbao aliyekuja kutengeneza rafu, na fundi yule alikuwa akinifundisha jioni. Kila ninachokijua leo kimeanzia pale.

Nilikuwa naoga mtoni kabla ya kurudi. Nilikuwa nasugua mikono na mchanga. Kisha naingia zizini na kumkamua Bihogo, kwa sababu Papa aliniambia nimkamue, na ningesema nini?

Bihogo akakauka. Ulimwona Papa siku ile, amekaa chini karibu naye na chombo kitupu mkononi. Wakafuata wa Thacienne, na wa majirani wengine. Mimi nilikuwa nimewakausha wote. Nikafunga nguo na kuondoka kabla hajaniuliza, maana angeniuliza nisingeweza kumdanganya. Likizo hapa siyo ngumu kupata. Sijawahi kuomba.

Msomee Papa barua hii. Halafu waambie watu kwamba mkosaji ni mimi na siyo nyumba. Labda wataingia.

Damien


Nyamitaba, tarehe 3 Septemba 1955

Mdogo wangu, mtoto wa Papa,

Sisi ni wazima, ni wazima kabisa. Kaa chini usome polepole, na Adelaïde asikie.

Barua yako ilifika tarehe 12 Agosti. Nilimsomea Papa mchana, nje, akiwa ananoa kisu. Nilisoma mpaka mwisho. Akaniambia nisome tena pale pa mchanga. Nikasoma. Akaendelea kunoa kisu ambacho kilikuwa kimeshanoleka. Siku ile na iliyofuata aliendelea na kazi zake, na mimi nilianza kujuta kwamba nilifungua mdomo.

Siku ya Bikira Maria kupalizwa, asubuhi, hakumkamua Gaju. Ndama aliachwa amefungwa analia, na Gaju amejaa mpaka anatembea kwa shida. Nilimuuliza, akanijibu niende misa. Tulipotoka kanisani, kilima kizima kikiwa barabarani na nguo nzuri, tukamwona Papa anashuka na Gaju mbele na ndama nyuma. Alikuwa amevaa koti la arusi yangu. Akapita katikati yetu, hakusalimia mtu, akaingiza ng'ombe kwenye ua wa nyumba ya fromaji, akamwingiza kwa mlango mkubwa, mpaka ndani, mpaka chumba cha nyuma.

Thacienne alishika kichwa. "Makuza, unauwa ng'ombe yako."

Papa alimleta ndama anyonye kidogo, akamtoa, akachuchumaa. Tulisikia maziwa yakigonga chombo. Alikamua mpaka povu likapanda juu, akainuka, akanywa yeye kwanza, kisha akaja kusimama kwenye kizingiti, miguu ikiwa ndani. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza hata moja.

"Mtoto wangu Semana njo alikuwa anachemusha maziwa humu. Miye nilijua. Nguo yake ilikuwa inanuka moshi ya maziwa, na mutu wa ng'ombe hawezi kosa kujua ile harufu. Miaka mbili nilijua, nikanyamaza, juu nilimuona jioni anachonga mbao na nikaona iko na mikono ya mama yake. Bihogo ilikuwa muzee. Meno ilikuwa imekwisha, na ule mwaka mvua ilikataa, majani haikuwa. Ng'ombe zenu zilikosa kula. Miye mwenye ng'ombe nilijua, na nilikosa nguvu ya kusema mbele yenu, juu mungenicheka kwamba Makuza anatetea mupishi wa maziwa. Yeye akakimbia kwa sababu yangu. Sasa munitazame. Gaju itakamuliwa humu asubuhi na jioni. Ikikauka, municheke."

Damien, mimi nina miaka arobaini na mbili na nililia mbele ya watu kama mtoto. Unajua Gaju ni nini kwake. Ng'ombe wake wengine wamebaki watatu, na hakuna anayemfikia.

Kila siku alimshusha, asubuhi na jioni, na kikohozi chake. Watu wakaanza kuja kwenye ua kupima kwa macho chombo kimejaa mpaka wapi. Siku ya tatu kilijaa. Siku ya sita mvua ya mawe ilinyesha, Gaju akatoa kidogo, na Honoré akapita barabarani anaimba. Siku ya saba kilijaa tena. Siku ya kumi, Thacienne alikuja amebeba mkeka wake umekunjwa chini ya kwapa. Alisimama kizingitini muda wa kusali Baba Yetu, akavua viatu, akaingia. Alikaa karibu na Godelieve kwa sababu ndipo penye mwanga, na kabla ya saa sita walikuwa wanabishana juu ya namna ya kufunga ukingo. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na sitaki uishe.

Tarehe moja mzungu wa teritwari alikuja. Alikuta wanawake thelathini na wanane na wanaume sita, wawili wao wanachonga vyombo vya maziwa. Alikuta mikeka ukutani na vikapu kwenye rafu zako. Alikuta vilevile ng'ombe chumba cha nyuma. Akauliza huyu ng'ombe anafanya kazi gani hapa. Karani alitafsiri, na Papa akajibu, "Iko karani yetu." Mzungu alitia sahihi.

Dirisha la sita nimelichora. Watu wananiuliza fundi wa yale mengine ni nani, na Papa ndiye anayewahi kujibu. Anawapeleka dirisha kwa dirisha, anaeleza kila mchoro, na mingine anaikosea. Sijamrekebisha.

Yaya wako, Verdiane


Walikale, tarehe 19 Septemba 1955

Yaya Verdiane,

Adelaïde ameisoma barua yako kwa sauti mara mbili, maana mimi mwenyewe sikuweza kuimaliza. Sote ni wazima.

Leo asubuhi nimekwenda kuomba likizo. Mzungu wa kampuni alifungua daftari, akaona miaka sita haina kitu, akaniuliza kama mimi ni yatima. Nilimwambia hapana, nina baba, anaitwa Makuza wa Nyamitaba. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na makarani wote wakageuka.

Tunaondoka Jumamosi tarehe 15 Oktoba na kamyo ya Ndagijimana, sisi watatu. Tutafika jioni. Usimwambie Papa aje kutungoja barabarani na kikohozi chake. Nitamkuta chumba cha nyuma saa ya kukamua, nami nitamshikia ndama.

Damien Semana, mtoto wa Makuza